Bando, kipande, posho, udhamini au jina: umshike mkono vipi anayejitolea kwenye programu huria?

Risiti ilikuwa ya dagaa, jumla 250,000. Chini ya tarakimu programu yetu huria, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha, ilikuwa imeandika kwa maneno: elfu mia mbili na hamsini. Mteja akaishika ile karatasi, akacheka, akasema hapa pameandikwa laki mbili na shilingi hamsini, na penye ubishi maneno ndiyo yanayohesabika. Alikuwa anatania, ila mama aliyemuuzia pale Mwaloni, Kirumba, hakucheka. Jumamosi akapanda daladala hadi tunapokutania, akaiweka risiti mezani. "Wanangu, sokoni hatusemi hivi. Tunasema laki mbili na elfu hamsini."

Kurekebisha kulichukua jioni moja na mistari isiyofika ishirini. Kijana aliyeiandika, jina lake likaingia kwenye historia ya mradi na litabaki humo. La mama halikuingia popote. Tuligundua miezi minne baadaye, siku ya kugawa vyeti: tumemaliza kusoma orodha, yeye amekaa nyuma mikono mitupu.

Tangu siku hiyo kikundi chetu cha wanaojitolea kuitengeneza kimebishana sana kuhusu nani alipwe, nani atajwe, na pesa ikiwepo iende wapi. Vikundi vingine vya hapa Mwanza vimetuuliza swali hilohilo, ndiyo maana naandika. Kuna njia tano ambazo nimeziona zikifanya kazi na pia zikiharibika.

Tunapima kwa nini

Tuanze na vipimo, maana kila mtetezi huipima njia yake kwa kile inachofanya vizuri.

Cha kwanza ni *ufikaji*: thamani inamfikiaje mtu aliyeko Buzuruga, au ng'ambo ya ziwa huko Nansio, bila kumegwa njiani? Kwenye huduma za malipo za nje, kutuma ni jambo moja na kupokea ni jingine. Unaweza kununua kitu nje ya nchi leo kwa kadi yako, kisha ukakuta nchi yako haimo kwenye orodha ya wanaoweza kulipwa.

Cha pili nakiita *kazi ya gizani*. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na anayewala mchana hajui nani aliwasha karabai. Programu huria nazo zina usiku wake: kujibu maswali yaleyale, kupitia msimbo wa wengine, kuamsha seva iliyolala (kompyuta inayoihudumia programu mtandaoni), kuandika maelekezo, kutafsiri. Aprili 2014 ilipojulikana hitilafu ya Heartbleed kwenye OpenSSL, maktaba ya msimbo ambayo sehemu kubwa ya intaneti iliitegemea kuficha mawasiliano, watu walishangaa kusikia kuwa mradi ule ulikuwa ukipokea michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka.

Cha tatu ni *kinyongo*, yaani wasiopata watajisikiaje. Cha nne ni *daftari*: nani anashika pesa, nani anaruhusiwa kuona. Na cha tano ni *kiangazi*: chanzo kikikauka, kinabaki nini?

Kuna jambo moja ninalolirudia hadi wenzangu wamechoka kulisikia. Gharama si ujira. Kwenye mtumbwi wa dagaa yanatolewa kwanza mafuta na chakula cha safari, ndipo mgao unaanza. Kila kambi ina mgawo wake baada ya hapo, lakini hakuna mvuvi anayeambiwa kuwa mafuta aliyoyanunua ndiyo mshahara wake. Kwenye vikundi vyetu tunafanya hivyo bila aibu: tunamrudishia mtu hela ya bando, halafu tunatangaza tumemlipa.

Bando na nauli: mfuko wa gharama

Wanachama wanachanga kidogo kila mwezi, au mtu mwenye nafasi anaweka kiasi, na aliyetumia chake kwa kazi ya mradi anarudishiwa. Bando, nauli, kodi ya seva, chai na maandazi ya kikao.

Kwa ufikaji hakuna inayoizidi. Pesa inatoka simu hadi simu. Sharti ni moja: tuma na ya kutolea. Aliyetumia 5,000 akirudishiwa 5,000 kavu, ametoka tena mfukoni mwake, na hizo ndogondogo ndizo zinazowafanya watu waache kudai. Kinyongo ni kidogo kwa kuwa hakuna anayemwonea mwenzake wivu wa nauli. Kiangazi hakitishi pia, mfuko ukiisha mnachanga upya.

Shida ni kwamba wenye aibu hawadai. Mwaka wetu wa kwanza waliodai walikuwa wawili, wote wameajiriwa. Wanafunzi waliokuwa wakija kutoka Malimbe hawakudai hata mara moja, na kumbe wengine walikuwa wakirudi kwa miguu nusu ya njia. Tukageuza utaratibu: kila aliyehudhuria anatumiwa nauli bila kuomba, asiyeihitaji airudishe. Karibu hakuna aliyerudisha, nami sioni ubaya.

Kuhusu daftari, pesa isikae kwenye laini ya mweka hazina. Laini ni ya mtu, na mtu husafiri, huumwa, hubanwa na ada ya mtoto. Mfuko wa kikundi kwenye simu, kama M-Koba, unapunguza majaribu hayo. Wanaopokea michango kutoka nje wana tovuti ya Open Collective, ambako kila kinachoingia na kutoka kinaonekana na yeyote. Huko pesa hushikwa na mwenyeji, yaani shirika linaloitunza kwa niaba ya kikundi, nalo hukata chake. Open Source Collective, mwenyeji anayebeba miradi mingi ya programu huria, hukata asilimia 10.

Kazi ya gizani inaguswa nusunusu tu. Anayetunza seva usiku utamrudishia bando, ila usingizi haurudishiki. Njia hii inakifaa kikundi chochote, hata cha watu watano, ilimradi hakuna mmoja kati yao anayetoa nusu ya wiki yake.

Malipo kwa kipande

Kazi inatangazwa na bei yake, anayeimaliza anachukua. Wabeba magunia wa Mwaloni wanaijua kuliko sisi: hesabu ni gunia, hakuna kuulizana umesoma wapi. Na hilo ndilo zuri lake. Mgeni asiyemjua mtu yeyote kwenye kikundi anaingia leo, anafanya, analipwa. Daftari lake ni jepesi, kazi na bei na tarehe. Kiangazi kikija hakuna anayedai, orodha ya kazi inabaki inasubiri mvua.

Lakini kipande hulipa chenye kingo tu. Kutafsiri kurasa kumi, kuchora nembo, kurekebisha hitilafu inayojulikana. Anayezipitia kazi za hao wanaokimbilia bei, yeye nani anamlipa? Hacktoberfest, kampeni ya kuhimiza watu wachangie programu huria inayoendeshwa na kampuni ya DigitalOcean tangu 2014, ilikuwa ikitoa fulana kwa waliotuma idadi fulani ya michango mwezi Oktoba. Mwaka 2020 watunzaji wa miradi walifurikiwa na mabadiliko ya ovyo, mtu anaongeza neno moja la sifa kwenye maelezo ya mradi na kuhesabu amechangia. Ndani ya siku chache waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni, ikawa inahesabika michango ya miradi iliyojiandikisha yenyewe tu. Hiyo ilikuwa fulana. Weka shilingi uone.

Sisi tuliweka 30,000 kwa atakayeandika majaribio ya maktaba yetu ya namba, ile sehemu inayogeuza tarakimu kuwa maneno. Vijana wawili wakaifanya kimyakimya, mmoja akamtangulia mwenzake kwa saa moja hivi. Tukagawa nusu kwa nusu. Wote wawili waliondoka wamenuna, na mmoja hajarudi hadi leo. Siku hizi kazi inashikwa na mtu mmoja kwa siku saba, akishindwa inatangazwa tena. Kinyongo kimepungua, hakijaisha, kwa sababu kuna jambo jingine linalofanyika polepole: kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya bila kuulizwa zinaanza kusubiri bei.

Na mama wa dagaa angepata nini hapa? Hakuna. Hitilafu aliyoileta haikuwa kwenye orodha, maana hakuna kati yetu aliyejua kuwa ipo.

Kipande kinamfaa mwenye pesa ya mara moja na kazi zinazoelezeka kwa sentensi mbili. Kinawafaa pia wachangiaji wanaotaka kuingia na kutoka bila kufungwa.

Posho ya muda maalumu

Neno posho lina harufu ya semina na karatasi ya mahudhurio, kwa hiyo nieleze ninachomaanisha: pesa ya kila mwezi kwa mtu mmoja au wawili, kwa miezi inayojulikana, kwa kazi iliyoandikwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Django, programu huria ya kujengea tovuti. Tangu 2014 wakfu wake umekuwa ukiwalipa watu wachache wa kuchambua taarifa za hitilafu, kupitia michango ya wengine, kushughulikia usalama na kutoa matoleo. Angalia vizuri orodha hiyo. Kuunda vitu vipya, ile sehemu tamu, kumeachiwa zaidi wanaojitolea. Kinacholipwa ni usiku. Kati ya njia zote tano, hii ndiyo inayoifikia kazi ya gizani moja kwa moja.

Kuna pia posho ambazo hazitoki mfukoni mwa kikundi. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanaoanza kuchangia programu huria, upo tangu 2005, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Posho yake hupangwa kwa kuangalia gharama za maisha za nchi uliyopo. Outreachy, mpango mwingine wa namna hiyo, hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, ikiwalenga watu wa makundi yaliyobaguliwa au kuachwa nyuma katika fani hii. Kikundi hakihitaji hata senti kumsaidia mtu apate hizo. Kinahitaji watu wawili wa kukaa naye, kusoma maombi yake na kumwambia ukweli kabla hajatuma.

Kinyongo ndipo njia hii inapouma. Mwaka 2006 baadhi ya watu wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walianzisha mpango ulioitwa Dunc-Tank, wa kuwalipa wasimamizi wawili wa matoleo ili toleo la Etch litoke Desemba mwaka ule. Ukazuka ubishi mkali, wengine wakapunguza kasi waziwazi, na Etch ikatoka Aprili 2007. Sidai kwamba pesa ndiyo iliyochelewesha. Ila ukiusoma ule ubishi, kiasi hakikuwa hoja kubwa. Watu waliuliza kwa nini hawa walipwe na sisi tusilipwe, na nani ameamua. Kwa hiyo kura itangulie, pesa ifuate. Kwetu tulifanya kinyume, nami ni mmoja wa waliofanya kinyume.

Daftari hapa ni zito: mkataba, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na benki itataka kuona usajili. Kiangazi ndicho kibaya zaidi. Mtu ameacha vibarua vyake kwa ajili ya posho, mwezi wa sita inakatika. Tarehe ya mwisho isemwe siku ya kwanza, mbele ya wote.

Inaufaa mradi unaotumika kweli na watu wengi, wenye mtu mmoja ambaye akiugua kila kitu kinasimama.

Udhamini wa mtu mmoja mmoja

Hapa watumiaji wanamchangia mtu fulani kidogo kidogo kila mwezi. GitHub Sponsors, ya tovuti ya GitHub ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, ilianza 2019. Liberapay, iliyoanza 2015, haikati kamisheni kwenye michango. Ufikaji ndio swali la kwanza, na lijibiwe kabla ya kutangaza lolote: wanamlipa mtu wa Tanzania kwa njia gani? Kazi ya gizani inasahaulika, kwa sababu anayechangiwa ni anayeonekana, na mara nyingi ni anayeandika Kiingereza kizuri. Daftari ni lake mwenyewe. Kiangazi huja taratibu, mdhamini mmoja mmoja, kwa hiyo mtu hupata muda wa kujipanga.

Kinyongo hutegemea makubaliano. Kama watu kumi wanajenga na mmoja anachangiwa, semeni mapema kama hiyo ni bahati yake au sehemu inaingia mfukoni. Nimeona vikundi vikichagua hivi na vile, vyote vikaishi. Visivyosema kitu ndivyo vinavyovunjika.

Wadhamini wa hapa nyumbani ni habari nyingine. Kampuni moja, siitaji, ilituletea bango, ikapiga picha na sisi, na pesa bado "inashughulikiwa". Bango tunalo, tunalitandika chini wakati wa mvua.

Jina

Watu husema jina haliliwi. Ni kweli, lakini nenda Bujora wakati wa Bulabo, sherehe ya Wasukuma ya mwezi Juni, uone makundi ya Wagika na Wagalu yanavyoshindana kwa ngoma. Anayeshinda ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake, na kwa hilo tu wachezaji hufanya mazoezi kwa miezi. Mtu atakesha kwa ajili ya jina. Hatakesha kwa jina lililokosewa herufi.

Ufikaji wake hauna makato, ila ubora unatofautiana sana. Cheti kinachosema "kwa mchango wake" hakimsaidii mtu kwenye usaili. Barua inayosema alifanya nini, lini, na kazi yenyewe inaonekana wapi, inamsaidia. Masakhane, jumuiya ya Waafrika wanaoshughulikia lugha zetu kwenye kompyuta, walienda mbali zaidi: kwenye makala yao ya kitaaluma ya 2020 waandishi walikuwa zaidi ya arobaini, wakiwemo watafsiri na watathmini. Na jumuiya ya Perl, lugha ya kuandikia programu, ilianza mwaka 1999 kutoa tuzo za White Camel kwa mchango usio wa msimbo: kuandaa mikutano, kulea vikundi. Jina, likipangwa hivyo, linafika hadi kwenye kazi ya gizani kwa gharama ndogo mno.

Heshima kubwa kuliko cheti ni funguo, yaani ruhusa ya kuingiza mabadiliko bila kusubiri mtu. Zitolewe kwa utaratibu. Machi 2024 iligundulika kuwa mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili kwenye mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, huku mtunzaji wake aliyejitolea akiwa amechoka na kushinikizwa, alikuwa amepenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua baada ya kuona mashine inachukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Hiyo si sababu ya kuwanyima vijana funguo. Ni sababu ya funguo kushikwa na zaidi ya mmoja, na mtunzaji kutoachwa peke yake.

Kinyongo cha jina ni kikali kuliko nilivyodhani. Orodha yenye pengo inauma kuliko kutokuwa na orodha kabisa. Siku ile ya vyeti nilimfuata yule mama nje kumwomba radhi.

"Mwanangu, hiyo karatasi mimi nitaitundika wapi?" akasema. "Nionyeshe tu, laki mbili na elfu hamsini inasomeka?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Akasoma, akaguna. "Na elfu moja na mia tano mmeiandikaje? Msije mkaandika buku jero."

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema hakutaka kutajwa. Wiki iliyofuata tulimuuliza vizuri, akasema aandikwe kwa jina la biashara yake, si lake, maana wateja wanalijua hilo. Limo kwenye orodha sasa, chini ya "Waliotambua makosa". Daftari la jina ni hilo: orodha moja, mtu mmoja wa kuijaza kila mwisho wa mwezi, na swali kwa kila mtu, uandikwe vipi au usiandikwe. Kiangazi hakiigusi.

Kinachobaki ni kwamba jina peke yake, kwa mtu anayelala njaa, ni dharau iliyopambwa. Linamfaa mwenye riziki kwingine, au anayetafuta pa kuanzia.

Kwa hali yako

*Mnaanza, hamna pesa.* Mfuko wa gharama, hata wa 2,000 kwa mwezi kila mtu, pamoja na orodha ya majina tangu siku ya kwanza. Kuijaza orodha ya miaka mitatu nyuma ni kazi inayozaa ugomvi, niulizeni mimi.

*Mmepata pesa ya mara moja.* Msianzishe posho msiyoweza kuiendeleza. Lipeni madeni ya gharama za watu kwanza, kisha wekeni vipande vyenye kingo, na katika kila kipande mtenge sehemu ya anayepitia.

*Mtu mmoja anabeba kila kitu.* Posho, hata ndogo, kwa miezi mitatu, baada ya kura. Kama haiwezekani, punguzeni mzigo: fungeni sehemu ya mradi, tangazeni kuwa maswali yanajibiwa Jumamosi tu. Wakati huohuo mtu wa pili ajifunze seva.

*Wengi wenu ni wanafunzi wanaotafuta ajira.* Barua zenye maelezo kamili zitawasaidia kuliko 20,000 ya mara moja. Tengeni vikao viwili vya kuandika maombi ya programu zenye posho, na nauli za kuja kuyaandika zitoke mfukoni mwa kikundi.

*Watumiaji wenu wako nje ya nchi.* Jaribuni udhamini, wa kikundi kabla ya wa mtu, na makubaliano ya mgawo yaandikwe kabla dola ya kwanza haijaingia.

*Wanaowasaidia zaidi hawaandiki msimbo.* Msiwasubiri kwenye kikao, wafuateni walipo. Sisi sasa huenda Mwaloni mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla soko halijachangamka, na simu yenye toleo jipya. Muda wao sokoni ni pesa, kwa hiyo tunanunua dagaa kabla ya kuuliza chochote, na hao dagaa huandikwa kwenye daftari kama gharama.